Goti la Kulia la Salvatori

Kibaoni, Mpimbwe
3 Juni 1974

Kwa mjukuu wangu Salvatori,
mchezaji wa timu ya Milala, Mpanda mjini

Mjukuu,

Kabla hujafungua mdomo kunijibu, kumbuka anayekuandikia ni nani. Ni mimi Melkior, niliyefunga bao la kichwa pale misheni mpaka padre wa Kizungu akavua kofia, na wageni wakarudi kwao wanalia njia nzima. Bao kama lile halijafungwa tena nchi hii.

Haya, nimedanganya. Nilikuwa nachunga mbuzi wa misheni nyuma ya goli, mpira ukanigonga kisogoni ukaingia golini kwa mlango wa nyuma. Refa alilikataa. Na padre alivua kofia kwa ajili ya joto. Lakini unaona tofauti yangu na yako? Mimi uongo wangu nimeukiri kabla wino haujakauka. Wa kwako una miaka miwili na bado unaulisha.

Mbaruku alikuja huku kununua mpunga, akaniambia umetangaza dukani kwake mbele ya watu: "Goti langu limepona. Sabasaba nacheza, Sumbawanga wataniona."

Limepona. Neno hilo limenichosha kuliko jembe. Mara ya kwanza ulipopona nilipanda lori la Mbaruku juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye meno, nikafika Mpanda. Ukacheza muda wa mtu kuvuta msokoto mmoja, ukaketi chini umeshika goti. Mara ya pili nilikuja na jogoo wa kusherehekea. Ukaanguka bila mtu kukugusa, na jogoo nikamchinja njiani, pale Sitalike, nikamla peke yangu kwa hasira. Mara ya tatu sikushuka hata kwenye lori. Nilikuona kwa juu unatolewa uwanjani umebebwa kama bibi harusi.

Na watu hawakukutukana peke yako. Waliuliza, huyu ni wa nani? Wakajibiwa, wa Melkior wa Kibaoni.

Halafu Pasaka. Ulikuja kusali na sisi hapa nyumbani. Kengele ikalia, kanisa zima likapiga magoti, hata bibi Athanasie ambaye mifupa yake inalia kama mlango wa ghala. Wewe ukabaki mlangoni umesimama kama nguzo ya simu. Nilikuona. Mtu aliyepona goti hupiga goti. Mungu unamwonyesha ukweli, Mbaruku unampa hadithi?

Basi nakwambia kama babu yako, na babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo huna ruhusa ya kukasirika: kaa kwako. Waachie uwanja wenye miguu. Na zile mashua zako alizokushonea fundi wa Tabora, kwa kuwa hakuna duka lenye kiatu cha kukutosha, zilete huku kuku wangu wapate pa kutagia.

Nisalimie mke wetu Romana. Mwambie mume wake mkubwa bado yupo, na magoti yake yote mawili.

Babu yako,
Melkior Lusambo


Mpanda
12 Juni 1974

Babu, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa wazi. Mbaruku aliisoma kwanza yeye, dukani, kwa sauti, watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Sasa watoto wa mtaani wakiniona wanachechemea. Sokoni mama muuza dagaa ameniuliza kama aniletee kigoda.

Umesema sina ruhusa ya kukasirika. Nimekasirika.

Goti langu ni zima. Sikusema litapona, nimesema limepona. Kila asubuhi nakimbia kutoka nyumbani mpaka stesheni ya reli na kurudi. Mpira naupiga kwa mguu huo huo wa kulia. Kocha Josephat ameniona kwa macho yake na ameniweka kikosini. Lakini nyie hamtaki kuona, mnataka kucheka. Nikianguka, mwongo. Nikisimama, eti anangoja kuanguka. Nifanye nini? Nilikate niwaletee mlipime kwenye mizani ya mpunga?

Unajua nilivyopata kazi hapa ghalani? Kwa mpira. Mkubwa wa ghala ni mtu wa Milala tangu zamani. Juzi aliniambia mbele ya wapagazi: "Salvatori, hii ndiyo mara ya mwisho. Ukiketi tena chini uwanjani, inuka uende moja kwa moja kwenu Kibaoni." Kwa hiyo ninapotangaza dukani kwamba nimepona, sitafuti sifa, babu. Natetea ugali wangu na wa Romana.

Kuhusu Pasaka, nilisimama kwa sababu zangu. Sikukueleza siku ile na leo sikuelezi.

Romana anakusalimu. Anasema mume mkubwa kama yupo, aje ateke maji.

Mjukuu wako,
Salvatori


Kibaoni
17 Juni 1974

Kwa Bwana Mbaruku,
mwenye duka na lori, mwenyekiti wa mashabiki wa Milala

Salaam aleikum, na laana kidogo kwa kufungua barua ya mtu. Lakini nimesikia uliisoma vizuri, ukipandisha sauti panapotakiwa, basi nimekusamehe.

Kijana amenijibu kwa ukali. Anasema ni mzima, anakimbia mpaka stesheni. Mimi pia nikifukuzwa na nyuki nakimbia, je, ni mzima? Nimemuuliza kwa nini Pasaka hakupiga goti, kaniambia ana sababu zake. Sababu ya mtu asiyepiga goti ni moja tu, nayo iko kwenye goti.

Uliniuliza tutajuaje ukweli kabla ya Sabasaba, tusije tukaaibika tena mbele ya Wafipa wa Sumbawanga. Nimepata njia. Wewe ni Mwislamu, mambo ya kanisani huyajui, nikueleze. Katikati ya misa hulia kengele, na hapo kila Mkatoliki hushusha magoti yote mawili sakafuni. Sakafu ni saruji tupu. Mgonjwa wa goti hawezi, uso utamsema.

Basi Jumapili ile ya kabla ya Sabasaba, wachukue mashabiki. Wakristo waingie ndani, nyie wengine simameni madirishani. Mwambie mapema kwamba mnakuja, asije akasema alishtukizwa. Akipiga magoti, ni mzima, nitakuja Sabasaba nimshangilie mpaka sauti ikauke. Akisimama kama nguzo, jezi apewe mwingine, na sisi tupumzike na habari za goti hilo.

Usimwonee huruma. Huruma yangu iliishia Sitalike pamoja na jogoo niliyekuwa nimembebea.

Melkior Lusambo


Mpanda
1 Julai 1974

Mzee Melkior,

Wewe mzee ni mchonganishi na nimekuchoka.

Tulikwenda kama ulivyosema. Kanisa lilijaa mpaka padre akafurahi, nadhani alifikiri Mpanda nzima imeongoka. Mimi na Amri kinyozi na wenzetu tulibanana dirishani. Salvatori akaingia, akatuona. Hakungoja hiyo kengele yako. Kapiga magoti tangu padre anaingia. Wenzake wakasimama, yeye chini. Wakaketi, yeye chini. Mahubiri yalikuwa marefu, mimi niliyesimama nje miguu iliniuma, yeye bado chini kwenye saruji, mgongo umenyooka, macho kwetu dirishani wala si kwa padre. Niliwahi kutazamana na chui njia ya Sitalike. Chui hakunitazama vile. Amri aliniambia, "Twende zetu, huyu akitoka atatuua." Nikamwambia ngoja tuone mwisho.

Mwisho tuliuona. Misa ilipokwisha alishika benchi, akainuka taratibu kama bwana mkubwa, hakusalimia mtu. Watu wakashindwa kujizuia. Tukamnyanyua mabegani pale pale mlangoni, tukamwimbia mpaka kwake, hakukanyaga ardhi hata hatua moja. Mkewe tu ndiye hakucheka. Alimpokea, akatufungia mlango usoni.

Sasa aibu yote ni ya kwetu na imetoka kwako. Kijana wa watu ni mzima, na sisi kwa maneno yako tumemdhihaki kama mwizi wa kuku. Dukani kwangu nimetoa amri: atakayechechemea mbele ya Salvatori hauziwi hata kiberiti. Mkubwa wa ghala naye ameambiwa, anafurahi, anasema Sabasaba atakaa mstari wa mbele.

Njoo umwombe radhi. Lori litapita huko kwenu Jumamosi. Lakini utapanda juu ya magunia, mbele kwa dereva ni kwa watu wakweli.

Mbaruku


Mpanda
3 Julai 1974

Babu,

Sikuamkii. Shikamoo yangu utaipata siku utakayoistahili.

Goti la mume wangu limevimba kama boga. Siku ile walipombeba mabegani wakiimba, nilimpokea mlangoni akaniangukia, ndiyo maana niliwafungia. Hawakuona kwa sababu walikuwa wamembeba juu kama mfalme. Tangu hapo namkanda kwa maji ya chumvi, analala ameuma shuka.

Ulitaka kujua sababu yake ya Pasaka. Haya, ijue. Sista wa zahanati alimwambia: goti hili litapona, utakimbia, utapiga mpira, ila usipige magoti wala usibebe gunia mpaka mavuno yaishe. Akatii. Alilitunza goti lile kama yai. Kanisani alikuwa anasimama nyuma, na padre alimruhusu. Hakukwambia wewe kwa kuwa angekwambia ungelitungia wimbo.

Lilikuwa limepona, babu. Safari hii alisema kweli. Ni nyie mliolitia ugonjwa kwa kutaka kuhakikisha kwamba ni zima. Na yeye kwa kiburi alichorithi kwako akaona heri afe pale sakafuni kuliko Mbaruku acheke.

Sasa anaficha. Ghalani anakwenda kabla ya watu, anakaa juu ya gunia, hainuki mpaka wote wameondoka. Nikimwambia usicheze, ananijibu: "Wameniona nimepiga magoti. Leo nikisema naumwa nani ataniamini?" Anataka kucheza Jumapili. Jana nilikwenda kwa sista peke yangu. Amesema akilichezea likiwa hivi, hatatembea tena bila fimbo.

Mzuie. Mimi mkewe nikimzuia ni ugomvi, na nimeshagombana naye nimeshindwa. Lakini usimwambie mtu yeyote kwamba ni mgonjwa. Siku mkubwa wa ghala akijua, kazi hatuna. Na Salvatori asijue nimekuandikia.

Miaka yote umeutumia utani wenu kumchoma. Utumie mara moja kwa faida.

Barua hii nimempa Hilaria anayerudi Kibaoni. Hapiti dukani kwa Mbaruku.

Romana


Mpanda
9 Julai 1974

Babu,

Viatu vyangu viko wapi?

Umeshuka kwenye lori, umekuja kwangu, umekula ugali na samaki wa mke wangu, umenitania mbele ya wageni kama kawaida yako. Ukasema unatoka kidogo kujisaidia. Nikakucheka, nikasema wazee na kibofu. Nilipotaka kuvaa, mfuko ulikuwa na majani ya mgomba.

Ungeviiba kimya ningesema ni wizi tu. Wewe umevifunga kamba, ukavivaa shingoni, ukapita mbele ya uwanja mzima watu wamejaa, unacheza kama mganga, unaimba, "Mtani kachukua chake, mwenye viatu ni babu!" Mwanzoni watu walicheka. Walipokuona unaelekea barabarani wakaacha kucheka. Mbaruku mwenyewe alikukimbiza na kanzu ameishika mkononi. Wanasema wewe, kizee usiyeweza kubeba hata debe la maji, uliruka kwenye lori la mbao kama tumbili.

Refa akasema hii ni mechi ya kombe, asiye na viatu haingii. Josephat aliwavulisha wenzangu viatu mmoja mmoja. Viatu vyao viliniishia vidoleni. Nikakaa nje kwenye benchi nimevaa jezi, sina viatu, Sumbawanga wakatufunga mawili kwa moja.

Mji mzima umekukasirikia. Mbaruku ameapa hutapanda lori lake, hata juu ya magunia. Wapo wanaosema umehongwa na Wafipa. Mkubwa wa ghala alikuja kwangu jana kunipa pole, akasema, "Ungeingia wewe tungeshinda, na goti lako lilivyo zima. Babu yako ni adui wa maendeleo." Kila anayepita ananipa pole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya goti.

Nimekaa kitandani, mguu uko juu ya mto, nimekukasirikia mpaka kichwa kinauma. Kisha nautazama ule mguu, nakasirika upya, na sijui nakasirikia nini.

Na Romana anapika huku anaimba. Hakuimba tangu Jumapili ile ya kanisani. Nijibu jambo moja tu kwa ukweli: nani alikuandikia?

Rudisha viatu.

Salvatori


Kibaoni
20 Julai 1974

Mjukuu,

Viatu vyako vipo. Nilikwambia kuku wangu hawana pa kutagia, hukusikia. Tetea mwekundu ametagia kile cha kulia na sasa ameatamia. Nikisogeza mkono ananidonoa. Siwezi kukitoa mpaka mayai yaanguliwe na vifaranga wapate miguu, na hilo ni la kuku, si langu. Nenda kamlalamikie yeye.

Unauliza nani aliniandikia. Nani angeniandikia mimi? Barua zote ninazopata ni za matusi. Mke wetu anaimba kwa sababu alimwona mume wake mkubwa, amesahau kukwambia. Muulize tena uone kama hatakupiga mwiko.

Na usidhani wewe peke yako ndiye mwenye hasira. Mimi nimekukasirikia vile vile. Mtu mzima anapiga magoti misa nzima kushindana na dirisha! Ulikuwa unamsalia nani, Mbaruku? Sista amekwambia hivi, wewe unafanya vile, kwa kuwa Amri kinyozi ametoa kichwa dirishani. Ungenitukana. Ungeniandikia, babu, mdomo wako ni jalala, nimekatazwa kupiga goti, nyamaza. Ningenyamaza. Labda si siku hiyo hiyo, lakini ningenyamaza.

Habari za sista nimeziota, usiniulize.

Na yule aliyewatuma watu madirishani namjua pia. Ana mvi, ana mdomo mrefu, hana haya. Tunaishi nyumba moja. Asubuhi nikimwona kwenye kioo simsalimii.

Hapa matusi nayapata kwa debe. Kila lori likitoka Mpanda dereva anapunguza mwendo mbele ya nyumba yangu, anapiga honi, utingo anachungulia: "Mwizi wa viatu bado hajafa?" Namjibu, "Bado, namngoja mama yako tufe pamoja." Juzi Mpimbwe mwenzangu, mtu niliyebatizwa naye, amekataa kukaa na mimi kwenye kibuyu kimoja cha pombe kwa ajili ya kombe ambalo hata hajaliona. Nimekunywa peke yangu, nikakasirika, nikanywa na ya kwake. Waache wanitukane. Wakinitazama mimi hawatazami goti. Mwache mkubwa wa ghala aseme ni zima, na wewe hakikisha likija kutazamwa liwe hivyo.

Kaa na mguu juu ya mto. Mkeo akikwambia lala, lala. Mpunga utapurwa, ghala litajaa, Sumbawanga hawahami. Msimu ujao nitakuja kukuona ukicheza, na ukiketi chini nitakutukana kama zamani, kwa hiyo usijidai umesamehewa.

Kifaranga wa mwisho akitoka, njoo uchukue viatu vyako. Panda mbele kwa dereva, usipande juu ya magunia. Na ukifika hapa usijifanye mwenye adabu kubwa, nisalimie umesimama.

Ila nina shida moja ndogo, na hii unadaiwa. Niliporuka kwenye lori la mbao kofia yangu ilianguka. Nimesikia Mbaruku ameitundika mlangoni mwa duka, kila mteja anaizaba kibao kabla hajanunua sukari. Ile ni kofia ya marehemu baba yangu. Kaichukue. Usinitetee, usieleze kitu, sema tu babu anachomwa na jua. Nimeyabeba matusi ya Mpanda nzima kwa kichwa kitupu, wewe nibebee kofia.

Babu yako,
Melkior Lusambo